Ni Nani Anayekushikia Kioo? Historia Fupi ya Elimu ya Nafsi



Kiswahili chetu kina neno moja linalostahili kufikiriwa: kujiona. Ukilichukua jinsi lilivyo, lingekuwa na maana ya mtu kuelekeza macho kwake mwenyewe, kama asimamaye mbele ya kioo. Lakini tukisema kwamba kijana fulani anajiona, hakuna anayewaza kioo. Sote twaelewa kwamba kijana huyo ana majivuno. Neno kujisikia nalo limepatwa na hali ileile. Inaelekea wazee waliotuachia lugha hii walitambua kwamba mtu akikaa mno akijitazama hupotea. Hata hivyo, twawafahamu pia vijana ambao shida yao ni kinyume chake: hawathubutu kusimama mbele ya wenzao, hawaamini kwamba wana neno la kusema, wanaichukia sura waliyozaliwa nayo.

Kwa wote hao siku hizi hutolewa dawa moja: "Jiamini! Jipende kwanza! Wewe ni mshindi!" Twaisikia kwa wahubiri wa mafanikio, katika matangazo ya biashara, na katika video zinazopita kwenye simu zetu. Wazo hilo la kuipima nafsi na kuiponya lina historia. Lilikuzwa vyuoni, likajaribiwa shuleni, likafika mahakamani na hata bungeni. Mkatoliki hana sababu ya kuiogopa elimu hiyo, wala hana sababu ya kuimeza bila kuitafuna. Tuifuate hatua kwa hatua, tukiwa na swali moja: ikiwa hakuna awezaye kuuona uso wake bila kioo, ni nani anayetushikia kioo hicho?

Swali la kale

Mwafrika mmoja aliliuliza swali la nafsi kwa bidii kuliko wengi waliomtangulia. Mtakatifu Agustino alizaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi tunayoiita leo Algeria, akawa Askofu wa Hippo. Kitabu chake cha Maungamo kina sehemu 13, na katika sehemu ya kumi anaingia ndani ya kumbukumbu yake kama mtu aingiaye katika nyumba kubwa asiyoijua vyumba vyake vyote. Anashangaa kwamba yeye mwenyewe hawezi kujimaliza kwa kujichunguza. Tena kitabu kizima ni sala. Agustino hasemi "mimi" peke yake. Kila anaposema "mimi" anamwambia Mungu "wewe".

Kwa karne nyingi elimu ya nafsi ilikaa hivyo, katika nyumba moja na falsafa na teolojia. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua maabara ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani, na tangu wakati huo wataalamu wakazidi kutaka kuichunguza nafsi kwa vipimo, kama vile daktari apimavyo damu. Hapo ndipo historia yetu inapoanza hasa.

Mimi anayejua na mimi anayejulikana

William James (1842–1910) alisomea udaktari, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Mwaka 1878 alimwahidi mchapishaji kitabu cha saikolojia. Kitabu hicho kilimchukua miaka 12. Kilipotoka mwaka 1890 kilikuwa na majuzuu mawili yenye kurasa karibu 1,400, na sura yake moja ndefu ilihusu nafsi.

James alionyesha kwamba neno "mimi" lina pande mbili. Sisi tunaosema Kiswahili twaweza kumwelewa upesi kuliko Waingereza wenyewe, kwa sababu sarufi yetu inazionyesha pande hizo ndani ya neno moja. Katika "ninajijua", ni- ndiye anayejua, na -ji- ndiye anayejulikana. Huyo anayejulikana James alimgawa tena katika sehemu tatu. Kuna nafsi ya vitu: mwili, nguo, nyumba, jamaa, mali. Kuna nafsi ya kijamii, yaani jinsi wengine wanavyotutambua. James aliona kwamba mtu ana nafsi za namna hiyo nyingi kama walivyo wengi watu wanaomfahamu. Kuna tena nafsi ya kiroho, yaani fikra, dhamiri na nia zilizo ndani.

Kisha akatoa hesabu fupi ambayo imekumbukwa mpaka leo. Kujithamini kwa mtu, alisema, ni sawa na mafanikio yake yakigawanywa kwa matarajio yake. Tuchukue mfano wa kwetu. Wanafunzi wawili wanapata asilimia 60 katika mtihani wa Serikali. Mmoja alitarajia 55, anacheza kwa furaha. Mwenzake aliwaahidi watu 85, anajificha chumbani. Alama ni ileile, lakini nafsi mbili zimejipima kwa mizani mbili. James akaongeza kwamba mtu anaweza kuupata moyo mwepesi kwa kuongeza mafanikio au kwa kupunguza matarajio. Alikiri kwamba angeona aibu kama wengine wangemzidi kwa ujuzi wa saikolojia, lakini kutojua Kigiriki hakukumsumbua hata kidogo, kwa sababu hakuwa amekusudia kukijua.

Hesabu hiyo yafundisha mengi, lakini inaacha swali moja wazi: hayo matarajio yenyewe tumeyapata wapi?

Mpanda farasi

Kabla ya kulijibu, twahitaji kuupisha mjadala mwingine uliotokea Vienna, katika nchi ya Austria. Mwaka 1923 daktari Sigmund Freud alitoa kitabu juu ya muundo wa nafsi. Kwa Kijerumani aliandika Ich, yaani "mimi", neno ambalo hata mtoto analijua. Wafaransa wakalitafsiri moi. Waingereza wakakimbilia Kilatini, wakaandika ego, na tangu hapo neno la kila siku likavaa joho la kitaalamu.

Freud alisema kwamba "mimi" si bwana kamili katika nyumba yake. Chini yake kuna tamaa na misukumo isiyojulikana. Juu yake kuna sauti inayokataza na kulaumu, ambayo mtu ameirithi hasa kwa wazazi wake. Alilinganisha "mimi" na mpanda farasi anayejaribu kumwongoza mnyama mwenye nguvu kumshinda, na ambaye mara nyingine hulazimika kwenda pale farasi anapotaka. Mkristu hatamfuata Freud katika yote, hasa katika hukumu zake juu ya dini. Lakini kwamba ndani yetu kuna vita, na kwamba mara nyingine twatenda lile tusilolitaka, Mtakatifu Paulo alikwisha kuwaandikia Warumi.

Kioo cha watu

Swali la mahali yanapotoka matarajio yetu lilijibiwa na Mmarekani mwingine, Charles Horton Cooley, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Michigan. Katika kitabu chake cha mwaka 1902 alitumia mfano wa kioo. Mtu hujijua, alisema, kwa hatua tatu. Kwanza anawaza jinsi anavyoonekana machoni pa mwingine. Pili anawaza jinsi huyo mwingine anavyomhukumu. Tatu anasikia moyoni fahari au aibu kulingana na hukumu hiyo. Mtazame kijana aingiaye kanisani kwa kuchelewa siku ya Dominika: hakuna aliyesema neno, na bado masikio yake yanawaka. Amejiona katika macho ya waamini.

George Herbert Mead, aliyefundisha Chicago hadi kifo chake mwaka 1931, aliipeleka hoja hiyo mbele zaidi. Hakukiandika yeye mwenyewe kitabu chake maarufu. Wanafunzi wake walikusanya maandishi ya masomo yake, yakachapishwa mwaka 1934. Mead alisema kwamba mtoto hazaliwi na nafsi iliyokamilika. Anaipata kwa kuzungumza na kwa kucheza. Kwanza anaigiza mama, mwalimu, askari. Baadaye, katika mchezo wenye sheria, inambidi ajue kwa wakati mmoja kazi ya kila mchezaji. Mchezaji wa mpira asiyejua wenzake wanamtarajia afanye nini hawezi kucheza. Kwa njia hiyo sauti ya jamaa nzima inaingia ndani ya mtoto, naye anaanza kujisemesha jinsi wengine wanavyomsemesha.

Basi, kama nafsi hukua katika macho na midomo ya wengine, itakuwaje pale ambapo nchi nzima inamwambia mtoto kwamba hafai kitu?

Wanasesere wanne

Swali hilo liliulizwa na mume na mke, Kenneth na Mamie Clark, Wamarekani weusi waliokutana wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Howard. Mamie alikuwa binti wa daktari wa Hot Springs, katika jimbo la Arkansas, mahali ambapo sheria iliwatenganisha watoto weusi na weupe shuleni. Mwaka 1939 alikamilisha andiko lake la chuo juu ya jinsi watoto weusi wadogo wanavyojitambua. Kutoka hapo ndipo uchunguzi wao mashuhuri ulipoota.

Walichukua wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi: wawili wenye ngozi ya kahawia na nywele nyeusi, wawili weupe wenye nywele za manjano. Waliwachunguza watoto weusi 253, wenye umri wa miaka 3 hadi 7. Kati yao 134 walitoka Arkansas, katika shule za utengano, na 119 walitoka Springfield, Massachusetts, upande wa kaskazini, ambako weusi na weupe walisoma pamoja. Mtoto aliombwa: nipe mwanasesere ambaye ungependa kucheza naye, nipe aliye mzuri, nipe anayeonekana mbaya. Ombi la mwisho lilikuwa: nipe anayefanana nawe.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1947, yalihuzunisha. Asilimia 67 walitaka kucheza na mweupe. Asilimia 59 walimtoa wa kahawia kuwa ndiye anayeonekana mbaya. Kisha, walipoulizwa ni nani anayefanana nao, asilimia 66 ilibidi wamnyoshee kidole yuleyule wa kahawia. Baadhi ya watoto wa kaskazini walilia na kutoka mbio chumbani. Tufikirie uzito wa dakika ile: mtoto wa miaka mitano amekwisha kusema kwa kinywa chake kwamba huyu ni mbaya, halafu anaombwa kusema, "Huyu ni mimi."

Mwaka 1951 Kenneth Clark alifanya jaribio hilo katika wilaya ya Clarendon, South Carolina, ambako wazazi weusi walikuwa wameishtaki mamlaka ya shule. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, ilitamka kwamba utengano katika shule za umma unavunja katiba. Katika hukumu hiyo majaji walieleza kwamba kuwatenga watoto kwa sababu ya rangi yao huwatia hisia ya unyonge inayoweza kuugusa moyo wao kwa namna isiyofutika upesi, na katika tanbihi ya 11 waliitaja kazi ya Clark. Elimu ya nafsi ilikuwa imesaidia kuanguka kwa sheria mbaya.

Lakini tusisahau jambo moja lililokuwa ndani ya takwimu zilezile. Watoto wa kaskazini, waliosoma pamoja na weupe, hawakuwa na nafuu kuliko wa kusini. Kioo kilichowadharau hakikuwa ukuta wa shule peke yake. Kilikuwa katika vitabu, katika filamu, katika matangazo ya biashara. Nasi hatuna haki ya kusoma habari hiyo kama ya mbali. Madukani mwetu zinauzwa krimu za kuichubua ngozi, nyingine zikiwa na zebaki, ambayo huharibu figo. Anayezinunua hajawahi kuonyeshwa wanasesere wanne, na bado amekwisha kulijibu swali.

Wanaokaa mezani pamoja nasi

Baada ya wanandoa Clark, wengi walidhani kwamba watoto weusi wote wa Marekani lazima wajione duni. Morris Rosenberg aliwafanya wafikiri upya. Mwaka 1965 alichapisha uchunguzi juu ya vijana 5,024 wa shule kumi za sekondari katika jimbo la New York. Alitunga kipimo chepesi cha sentensi 10, ambacho watafiti wanakitumia hadi leo sehemu nyingi za dunia. Aliwauliza vijana pia mambo ya nyumbani, yanayoonekana madogo: je, wazazi wanawajua rafiki zenu? Wanasema nini mnapoleta alama za shule? Wakati wa kula, je, nanyi mnasikilizwa katika mazungumzo? Akaona kwamba vijana ambao wazazi wao hawakuonyesha kujali ndio waliojithamini kidogo zaidi, hata kuliko wale waliokaripiwa. Mzazi anayekasirika kwa sababu ya alama mbaya angalau amesema kwamba mtoto ni kitu kwake. Mzazi asiyeuliza kabisa ameondoa kioo ukutani.

Mwaka 1968, pamoja na Roberta Simmons, Rosenberg aliwachunguza wanafunzi karibu 2,000 mjini Baltimore, weusi na weupe. Wakakuta kwamba watoto weusi hawakujithamini kidogo kuliko weupe, wengine waliwazidi. Je, Clark alikosea? Si lazima. Mtoto anaweza kujua vema kwamba nchi yake inaidharau rangi yake, na bado akajua kwamba yeye anapendwa. Kioo chake cha kila siku hakikuwa mzungu asiyemjua, bali mama yake, walimu wake, rafiki zake, jirani zake. Hao ndio waliokuwa karibu, na hao ndio aliowaamini. Nyumba maskini iliweza kumkinga mtoto dhidi ya dharau ya taifa tajiri.

Sheria ya kujithamini

Kutoka hapo historia inachukua njia ya kuchekesha kidogo. Watu walipoona kwamba wanaojithamini mara nyingi wana hali njema, wakafikiri: basi tuwape watu wote kujithamini, na matatizo yataisha. Mwaka 1986, kwa juhudi za mbunge John Vasconcellos, jimbo la California lilipitisha sheria ya kuunda tume ya kujithamini, yenye wajumbe 25 na fedha dola 735,000 kwa miaka mitatu. Ilitumainiwa kwamba kujithamini kungekuwa kama chanjo dhidi ya uhalifu, dawa za kulevya, mimba za utotoni na kufeli shuleni. Taarifa yake ilitoka mwaka 1990. Mwaka mmoja kabla, maprofesa wa Chuo Kikuu cha California walioombwa kuchunguza ushahidi walikuwa wamekiri katika kitabu chao kwamba uhusiano kati ya kujithamini na matatizo hayo ulionekana kuwa mdogo. Wengi hawakuwasikiliza. Katika shule nyingi watoto walisifiwa kwa kila jambo, hata lisilostahili sifa.

Mwaka 2003 wataalamu wanne, wakiongozwa na Roy Baumeister, walichapisha tathmini ya uchunguzi uliokuwa umefanywa. Maandishi juu ya kujithamini yalikuwa yamepita 15,000. Wao walichagua yale yenye vipimo vya kuaminika. Hitimisho lao lilikuwa la kiasi. Wanaojithamini huwa na furaha zaidi, na huwa wepesi wa kuanzisha jambo na kujaribu tena wakishindwa. Lakini kujithamini hakukuleta alama nzuri shuleni. Mara nyingi ni kazi njema iliyotangulia, na kujithamini kukafuata. Hakukuwazuia vijana kuvuta sigara, kulewa au kuanza ngono mapema. Tena miongoni mwa wanaowaonea wenzao walikuwamo wanaojithamini sana. Mababu zetu walikwisha kusema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Tusielewe vibaya. Uchunguzi huo haukusema kwamba ni vema kumdharau mtoto. Ulisema kwamba sifa tupu haijengi mtu. Asiyeweza kusoma hahitaji kuambiwa kwamba ni hodari. Anahitaji mtu wa kukaa naye jioni mpaka ajue kusoma. Huyo akaaye naye ndiye anayemthamini kweli.

Mtu ni watu

Karibu yote tuliyoyasimulia yalichunguzwa Marekani. Mwaka 1991 Hazel Markus, Mmarekani, na Shinobu Kitayama, Mjapani, waliwakumbusha wenzao kwamba nafsi haifikiriwi namna moja duniani kote. Kuna mahali ambapo mtu hujielewa kwa kujitenga na wengine, na mahali ambapo hujielewa kwa kufungamana nao.

Kwetu Kongo mjadala huo ulikwisha kuanza. Mwaka 1945 kilitoka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kitabu cha Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyefanya utume kati ya Waluba wa Katanga. Aliandika kwamba kwa Mbantu mtu si kitu kilichosimama peke yake. Uhai wake huongezeka au hupungua kadiri ya uhusiano wake na wengine. Baadaye mawazo hayo yalizaa Jamaa, kundi la wanandoa Wakristu katika miji ya migodi, lililofundishana kwa Kiswahili. Padri Vincent Mulago wa Bukavu naye, katika kitabu chake cha mwaka 1965, aliueleza umoja wa uhai kati ya Washi, Wanyarwanda na Warundi, akauweka mbele ya fumbo la Kanisa.

Tempels alikosolewa pia, na ni haki tuwasikie waliomkosoa. Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni aliuliza kama kweli "Mbantu" mmoja wa kitabuni yupo. Aimé Césaire wa Martinique alikuwa mkali zaidi: aliona kwamba ni rahisi kuisifu falsafa ya Mwafrika huku mkoloni akiendelea kumnyima mshahara wa haki. Sifa ya namna hiyo nayo ni sifa tupu.

Tena tusijidanganye kwamba kufungamana na wengine ni baraka siku zote. Kioo cha jamaa kinaweza kuua. Katika miji yetu wapo watoto walioitwa wachawi na watu wa nyumba yao wenyewe, kwa sababu ya ugonjwa au kifo ndani ya familia, wakafukuzwa. Baadhi yao, baada ya kusikia neno hilo mara nyingi, wameungama uchawi wasioujua. Cooley angeelewa. Mtoto huyo hana kioo kingine.

Mtazamo usiobadilika

Hapo elimu ya nafsi inafika mpakani pake. Imetuonyesha kwamba twajijua kwa macho ya wengine. Haiwezi kutuambia tufanye nini macho yote yanapotuhukumu vibaya.

Tumtazame Mwenye heri Isidori Bakanja. Alibatizwa mwaka 1906 huko Mbandaka, akiwa kijana mwenye kazi ya kusaidia waashi. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei kama ninyi. Alipofanya kazi kwenye shamba la kampuni huko Ikile, msimamizi mzungu alimwamuru kuivua skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa shingoni. Akakataa. Mwaka 1909 alipigwa kwa mjeledi wenye misumari mpaka mgongo ukawa jeraha moja. Aliteseka kwa miezi, akamsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni, na tarehe 15 Agosti mwaka huohuo akafa, akiwa na umri wa miaka kama 24. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Katika macho ya msimamizi yule, Bakanja alikuwa mkono wa kufanya kazi tu. Kama angekuwa na kioo hicho pekee, angejiona hivyo, au angejaa chuki. Lakini alikwisha kujiona katika macho mengine. Kitambaa kile shingoni hakikuwa pambo. Kilikuwa alama kwamba yeye ni wa Mtu fulani. Ndiyo maana hakujivuna mbele ya mtesi wake wala hakujidharau. Imani yetu yafundisha kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwamba Mungu alimjua kila mmoja tangu tumboni mwa mama yake. Mafundisho hayo yanatoa kitu ambacho hesabu ya James haikuwa nacho: thamani isiyogawanywa kwa mafanikio, kwa sababu ilitangulia mafanikio yote.

Hata hivyo, wapendwa vijana, ni nani aliyemwonyesha Bakanja macho hayo? Watu. Wakristu waliomfundisha katekisimu, waliomwita kwa jina lake, waliosali naye. Bwana Yezu alipotuamuru kumpenda jirani kama nafsi zetu, alizifunga pamoja nafsi yangu na ya mwenzangu. Mungu amekubali kwamba mtazamo wake umfikie kijana kwa njia ya macho ya kijana mwingine.

Kwa hiyo, kikundi chetu cha vijana ni mahali pa vioo. Yule anayeigugumia somo la Misa, yule aliyeshindwa mtihani mara mbili, yule msichana aliyerudi nyumbani akiwa na mtoto mgongoni, yule mwenzetu anayenong'onezwa kuwa mchawi: kila mmoja anapoingia mlangoni husoma nyuso zetu kabla hatujafungua kinywa. Hatutamsaidia kwa kumpigia kelele kwamba ni mshindi. Tutamsaidia tukimjua jina, tukimpa kazi ya kweli, tukimrekebisha pale anapokosea kwa sababu twamjali, na tukiuliza habari zake asipokuja.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni macho ya nani yanayonitawala zaidi leo: ya wazazi, ya marafiki, ya watu nisiowajua katika simu, au ya Mungu?

2. Je, matarajio ninayojipimia niliyachagua mwenyewe, au nilivalishwa na wengine? Ni yapi ninayopaswa kuyaacha, na ni yapi ninayopaswa kuyafanyia kazi zaidi?

3. Ni nani katika parokia yetu ambaye kila siku tunamwonyesha kioo kibaya? Juma hili tutamfanyia tendo gani, na ni nani kati yetu atakayekwenda kwake?